Serikali ya wanafunzi shule za bweni za wasichana: inatawala nini hasa?

#1 MamaWaPili
Wakuu, habari za jioni. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya serikali ya bweni ya wasichana, jina nalihifadhi. Kaja likizo na fomu ya kugombea ukiranja wa chakula, anataka mzazi nisaini. Nikamwuliza kwa nini asiende kwenye taaluma au afya, akanijibu, "Mama, taaluma wamejazana wanaotaka sifa. Chakula ndiko kwenye kazi." Baba yake hataki kusikia, anasema kapelekwa kusoma, hakupelekwa kugawa maharage.

Mimi nilisoma kutwa, bweni nalijua kwa kusimuliwa. Nikamhoji vizuri. Wana katiba, wana tume ya uchaguzi, wana kampeni za wiki nzima, dada mkuu ana makamu wawili. Nikamwambia haya, tangu mwaka uanze serikali yenu imeamua jambo gani? Akafikiri weee, akataja zamu za deki na nani agonge kengele ya alfajiri. Basi mimi nasema hii serikali ya wanafunzi ni jina tu. Ni walinzi wa walimu wasiolipwa. Mliosoma bweni njooni mnipinge.

#2 KokotoLaMto
Natandika godoro langu hapa, uzi huu utakesha.

#3 MtotoWaUluguru
Dada, nakupinga mimi niliyesoma shule ya wasichana Kilakala. Unasema hawaamui kitu kwa sababu unatafuta maamuzi ya kwenye vikao. Bweni haliendeshwi kwa vikao. Matroni ni mmoja, mabweni mengi, naye usiku yuko kwake. Mtoto akibanwa na pumu saa nane za usiku, anayejua dawa yake iko mfuko gani wa tranka ni kiranja wa bweni. Maji yakikatika siku tatu, anayeamua nani anaenda mtoni na ndoo mbili na nani anabaki kwa sababu mgonjwa ni kiranja wa bweni. Hilo mwalimu wa zamu halijui hata lilivyotokea, yeye anaona tu watu wameoga wamekuja paredi. Kama huko si kutawala sijui tukuiteje.

#4 Kipanga wa Nyanda
Mtoto wa Uluguru umejieleza vizuri lakini umethibitisha hoja ya mleta mada. Hizo zote ni kazi ambazo serikali ilitakiwa kuajiri matroni watano. Watoto wanajaza pengo.

#5 MtotoWaUluguru
@Kipanga wa Nyanda, kujaza pengo na kutawala vinaweza kuwa jambo moja. Wewe nyumbani nani anajaza mapengo, na nani anatawala? Usinijibu, mkeo anaweza kuwa humu.

#6 Kipanga wa Nyanda
Hahaha nimenyamaza.

#7 Mwalimu Mstaafu
Amani kwenu. Nimekuwa mwalimu wa malezi shule za wasichana miaka mingi, wacha niweke utaratibu wazi kwa wasioujua. Mwanafunzi anachukua fomu. Majina yanaletwa kwenye kikao cha walimu, tunaangalia alama zake, mahudhurio, na kama ana kesi ya nidhamu. Wanaopita wanapewa wiki ya kampeni. Kura ni za siri, kwenye bwalo, tume ni ya vidato vinavyomaliza. Baada ya hapo wanaapishwa paredi na wanakabidhiwa ofisi.

Watu wanalalamikia kuchuja majina. Kuna mwaka tuliacha wazi. Akashinda binti aliyeahidi simu ya mkononi kila bweni. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo, sera nyingine hazikusikilizwa tena. Muhula mzima wenzake walikuwa wanamwuliza simu ziko wapi, mtoto wa watu akaanza kujificha maktaba. Tunachuja kwa kuwalinda pia.

Halafu msidhani jambo hili ni la jana. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule na namna mapato yake yatakavyotumika. Hakuwataka kwenye kushika jembe peke yake.

#8 Sanduku la Bati
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hapo kwenye kuchuja ndipo mnapoiua. Anayepitishwa na kikao cha walimu anajua kabisa mwajiri wake ni nani. Shuleni kwetu dada mkuu alikuwa na daftari la majina ya waongeaji, linapelekwa ofisi ya nidhamu kila Ijumaa. Siku hizo kuongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili ni kosa. Sasa fikiria, ameshinda kwa kura zetu, amepiga kampeni kwa Kiswahili kitamu cha Kitanga, Ijumaa anatuandika kwa kuongea Kiswahili.

Na matokeo tulikuwa tunatangaziwa jina tu. Idadi ya kura hatujawahi kuiona.

#9 Nyundo ya Pwani
Idadi ya kura hamjawahi kuiona? Mlikuwa mnaandaliwa mapema nyie.

#10 KokotoLaMto
@Nyundo ya Pwani, siasa pelekea jukwaa la siasa, tusije tukafungiwa uzi mtamu.

#11 Upawa
Nimeona "kiranja wa chakula" nikasema lazima nijisajili. Mleta mada, mimi nilikuwa hicho cheo. Nikueleze kazi yenyewe ili ujue unasaini nini.

Unaamka saa kumi alfajiri, unakwenda jikoni na tochi, unasimama karibu na mizani wakati mtunza stoo anapima unga wa uji na sukari. Ukichelewa kidogo unakuta sukari imeshamiminwa, utaambiwa ni kilo kumi na mbili na huna la kusema. Mchana unasimama kwenye dirisha la bwalo na upawa. Upawa ule ulikuwa wa bati, una kipini cha mbao kilichofungwa mpira wa tyubu, na kila aliyeushika alikuwa na mkono wake. Ukiuzamisha chini unatoka na maharage, ukiupitisha juu unatoka na mchuzi. Shule nzima inakutazama kiganja. Rafiki yako wa dawati moja akifika dirishani anakukonyeza. Ukizamisha umekwisha, usipozamisha urafiki umekwisha. Ndiyo siasa yenyewe hiyo.

Sasa lile kubwa. Utaratibu ni kwamba mzigo wa mzabuni ukija, mwanafunzi anasaini leja pamoja na mwalimu wa chakula, mtunza stoo na mpishi mkuu. Siku moja jioni nikaitwa kutoka prepo, kipindi cha kujisomea. Kirikuu, ile pikapu ndogo, imeegeshwa nyuma ya stoo, taa imezimwa. Leja imeandikwa maharage magunia kumi. Nikahesabu, manane. Nikahesabu tena kwa kugusa kila gunia kwa mkono. Manane. Mtunza stoo ananiambia saini mwanangu ukaendelee kusoma. Nikasaini, halafu pembeni ya sahihi yangu nikaandika kwa peni nyekundu ya mwalimu: "yamefika manane".

#12 Makande ya Jumatano
Mamaaaa! Endelea, usituache hapo!

#13 Upawa
Asubuhi nikaitwa ofisini. Sikuchapwa. Niliambiwa nimechafua nyaraka ya serikali. Nikasimama pale kama robo saa nikiangalia kalenda ya ukutani. Kesho yake mchana magunia mawili yakaja. Nikaitwa tena, nikaandika "yametimia", na tarehe.

#14 Kipanga wa Nyanda
Huyu ndiye alitakiwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

#15 Mwalimu Mstaafu
Upawa, hongera mwanangu. Na hapo MamaWaPili apate jibu lake. Ile sahihi iliwekwa makusudi ili mlaji awepo wakati mzigo unapokelewa. Mfumo ulifanya kazi.

#16 Sanduku la Bati
Mwalimu, mimi nasoma kisa hicho hicho naona kinyume. Sahihi ya mtoto iliwekwa ili mkaguzi akija aambiwe "hata wanafunzi walithibitisha". Walitegemea mtoto wa miaka kumi na saba, usiku, anawaza jaribio la kemia, atasaini bila kuhesabu. Na kwa kawaida anasaini. Huyu Upawa ni mkorofi wa kuzaliwa, mfumo usijivunie.

#17 Upawa
Ukorofi nakubali 😂 lakini niseme kitu. Aliyenitangulia alinikabidhi ofisi kwenye korido, maneno mawili tu: "Hesabu mwenyewe." Hakueleza zaidi. Kwa hiyo naye alishawahi kusaini cha uongo, au alishawahi kugoma. Sijui kipi.

#18 BintiWaLimuru
Hamjambo majirani. Huku Kenya sisi tulikuwa na maprifekti walioteuliwa na walimu tangu enzi za mkoloni. Alliance Girls yenyewe ilianza 1948 na mambo haya ya Kiingereza. Mwaka 2009 likaundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari, UNICEF ikisaidiana na wizara na walimu wakuu, ndipo shule nyingi zikaanza kupiga kura. Mimi nilisoma katikati ya mabadiliko hayo, nikaona ya kale na ya sasa.

Tofauti kubwa haikuwa kura. Tofauti ilikuwa kyubiko. Prifekti wa zamani alikuwa na chumba chake kilichokatwa kwa mbao mwisho wa bweni, maji moto, mkate wa ziada na mono, yaani mtoto wa kidato cha kwanza, wa kumfulia soksi. Shuleni kwetu walipoanza kupiga kura, mwalimu mkuu mpya aling'oa zile kyubiko kwanza. Cheo kikabaki na kazi bila marupurupu, na ghafla wagombeaji wakawa wachache sana.

Tusisahau Nyeri 1999. Viranja wanne waliteketezwa kwa moto usiku wakiwa kwenye chumba chao. Wavulana ndio, lakini walimu wa shule zote walianza kuuliza tumejenga nini kati ya hawa watoto.

#19 Makande ya Jumatano
Eh Mungu. Lile la Nyeri nililisikia nikiwa mdogo.

Huku kwetu sijawahi kusikia kiranja mwenye chumba chake, labda shule za masista. Marupurupu yetu yalikuwa kuchelewa foleni ya bwalo na bado kupata nyama.

#20 Komredi Jembe
Mnajadili matawi. Mzizi ni kwamba Ujamaa uliondoka ukaacha vyeo. Zamani shule ilikuwa na shamba, ng'ombe, mabanda ya kuku. Shule ya Weruweru chini ya mkuu wake Mama Maria Kamm ilisifika kwa hiyo miradi. Kiranja wa shamba alikuwa na kitu cha kusimamia: mazao, mauzo, fedha. Leo mnamchagua kiranja wa mazingira, anasimamia nini? Majani yaliyoanguka chini ya mkaratusi. Ukiwa na mali ya pamoja unaweza kuwa na serikali. Bila mali unabaki na filimbi.

#21 Bibi wa Kibosho
Mjukuu Komredi, hao ng'ombe nimewakama mimi. Si Weruweru, shule nyingine ya Kilimanjaro, wakati huo huo. Ulivyosema ni vizuri lakini usitupambe sana. Maziwa tulikamua, mengi yalikwenda nyumba za walimu. Kikao cha mapato kilikaa, tukaomba nondo za dirisha la bweni kwa sababu vibaka walikuwa wanavuta mashuka kwa miti. Tukajibiwa fedha zimetumika kwenye mbio za Mwenge. Kwa hiyo mali ilikuwepo, uamuzi haukuwepo. Lakini nitasema kweli, nilijifunza kupiga mahesabu ya lita na senti kwenye lile banda kuliko darasani, na hadi leo muuza maziwa hanipunji.

#22 Komredi Jembe
Shikamoo bibi. Nimepokea.

#23 Njuka wa Zamani
Mnasifia viranja tu hapa. Mimi niliwachukia na bado nawachukia. Nilifika kidato cha kwanza na tranka ya bati ya kijani, mama ameandika jina langu kwa rangi nyeupe. Kiranja wa bweni akaniambia kila njuka anachota ndoo moja "ya bweni" kabla ya ndoo yake. Tumechota miezi. Ndoo ya bweni ilikuwa inaogea yeye na marafiki zake wa kidato cha nne. Siku niliyokataa nilichapwa na fimbo ya mpera mbele ya mabinti wote, nimepiga magoti kwenye sakafu imelowa. Nikienda kwa matroni naambiwa kiranja ana mamlaka ya kuadhibu.

#24 Kifungu kwa Kifungu
Matroni alikudanganya, dada. Kanuni za adhabu ya viboko zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, na marekebisho yake ya 2002, ziko wazi. Anayeruhusiwa kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule haina kabisa mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyechapa. Kiranja hayumo popote. Kiranja akishika fimbo hiyo ni shambulio tu kama la mtaani.

#25 Njuka wa Zamani
Asante. Ningeijua hiyo nikiwa na miaka kumi na nne!

#26 BintiWaLimuru
Huku viboko vilipigwa marufuku 2001 na sheria ya 2013 ikakazia, hata kwa walimu. Lakini mono bado alikuwa anapiga magoti. Sheria haiingii bwenini baada ya taa kuzimwa.

#27 Mwalimu Mstaafu
Njuka wa Zamani pole sana. Kiranja wa namna hiyo kwetu angevuliwa beji siku hiyo hiyo.

#28 Sanduku la Bati
Mwalimu, angevuliwa kama ungejua. Ungejuaje? Sanduku la maoni? Letu lilikuwa na kufuli, ufunguo anao mwalimu wa nidhamu, na hati za mikono anazijua zote kwa sababu anafundisha Kiingereza na anasahihisha insha zetu. Tulikuwa tunaandika kwa mkono wa kushoto. Baraza la shule nalo, mtu anasimama anauliza kwa nini uji hauna sukari, swali linajibiwa kwa swali: "Wewe uko bweni gani?"

#29 Makande ya Jumatano
"Wewe uko bweni gani" 😂😂 Jamani hii kauli ni ya nchi nzima? Kumbe mikoa yote!

#30 Karatasi ya Ruhusa
Naona kila mtu ni chakula na fimbo. Mimi nilikuwa kiranja wa afya, nataka nisimulie upande ambao wanaume hawaujui.

Ufunguo wa kabati la zahanati ndogo nilikuwa nao mimi shingoni, umefungwa na kamba ya kiatu. Mle ndani kuna panadol, spiriti, pamba, na maboksi ya taulo za kike yaliyoletwa na mfadhili. Muuguzi alikuja mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki mgonjwa anakuja kwangu, naandika karatasi ya ruhusa, anabaki bwenini. Niliwapa ruhusa wengine nikijua ni wavivu tu, jaribio la hesabu limewatisha. Niliwanyima wengine halafu jioni wakazirai. Hayo yananisumbua hadi leo kuliko kesi yoyote.

Lakini taulo ndiyo ilikuwa mtihani. Ni chache, shule ina mamia. Mwalimu akasema ziandikwe, jina na sahihi. Wakaacha kuja. Nani anataka jina lake lionekane kwamba kwao hawawezi kumnunulia? Nikaona bora niadhibiwe, nikaanza kuandika namba ya kitanda badala ya jina. Bweni la pili kitanda cha kumi na nne juu. Mwalimu alipolikagua daftari akaniuliza hawa ni kina nani, nikamwambia ni vitanda. Alinitazama, akapiga mhuri.

Sikuomba kibali cha mtu. Katiba yenu hiyo haikuwa na kifungu cha vitanda. Ndiyo maana MamaWaPili hataipata kwenye orodha ya "serikali imeamua nini".

#31 MamaWaPili
Karatasi ya Ruhusa umeniliza. Swali: huyo mfadhili akiacha kuleta, mlifanyaje?

#32 Karatasi ya Ruhusa
Vitambaa. Kiranja wa chakula alitupa mifuko ya sukari, ile ya pamba ya ndani, tukaifua tukaishona. Kila cheo kilikuwa na akiba yake.

#33 Tano Sio Tatu
Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyegusa vita vya kidato cha tano. Shule yenye kidato cha kwanza mpaka cha sita ina ugomvi wake. Watoto wa kidato cha tatu wamekaa pale tangu wana miaka kumi na tatu, wanajua bomba gani linatoa maji na mpishi gani ana roho nzuri. Julai wanaingia kidato cha tano kutoka mikoa yote, hawajui hata choo kiko wapi, baada ya miezi michache wanachukua nchi. Dada mkuu anatoka kwao kwa sababu eti wana akili pevu. Kidato cha tatu wanasusa. Mwaka wetu walisusa kupiga kura, walimu wakadhani ni ulevi wa kampeni.

#34 MtotoWaUluguru
Hapo umegonga. Sisi tulimaliza kwa kugawana, dada mkuu wa juu na msaidizi wake wa chini. Na wote wawili hawakusemeshana mwaka mzima 😅

#35 Nyundo ya Pwani
Serikali ya umoja wa kitaifa hiyo.

#36 KokotoLaMto
Nyundoooo! Nimekuonya.

#37 Mama Mchepuo
Mimi nina maelezo tofauti na yote hapo juu. Idadi. Waraka Namba 5 wa 2015 ulipofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na 2022 vidato vya tano na sita vikaingizwa, shule zilifurika. Siupingi, mdogo wangu kasoma kwa huo waraka. Lakini kiranja wa bweni la wasichana arobaini anamjua kila mtu. Wakiwa mia moja na ishirini, vitanda dabo deka vimebanana hadi dirishani, analazimika kutumia filimbi na orodha. Huo ukorofi mnaousema hautoki rohoni mwake, ameshaelemewa.

#38 Njuka wa Zamani
Mimi nilichapwa kabla ya 2016, bwenini tulikuwa wachache tu. Maelezo yako hayanifikii.

#39 Kisima cha Korogwe
Nyie mnaona mabaya tu. Shule za mchanganyiko kaka mkuu ndiye anasimama mbele, dada mkuu anabeba maua. Kwenye shule ya wasichana peke yao hakuna wa kumpisha. Ndiyo maana viongozi wanawake wengi wa nchi hii wametoka huko. Asha-Rose Migiro, waziri wa kwanza mwanamke wa mambo ya nje, halafu Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 2007 hadi 2012, ni zao la shule ya Korogwe.

#40 Chaga Asiyeyumba
Taratibu! Migiro kidato cha kwanza hadi cha nne ni Weruweru. Korogwe mlimpata cha tano na sita, ameshaiva.

#41 Kisima cha Korogwe
Tulimpa makali ya mwisho.

#42 MtotoWaUluguru
Na sisi tunaye Gertrude Mongella, aliyeongoza mkutano wa wanawake wa Beijing 1995, kasoma kwa masista wa Maryknoll pale Marian College, ndiyo Kilakala ya leo. Tukianza kuhesabu mtalia.

#43 Sanduku la Bati
Wote hao walikuwa wachache waliochaguliwa nchi nzima, wakati nafasi za sekondari zinahesabika. Wangewekwa hata shule ya mchanganyiko wangefika. Msiupe ukiranja sifa ya mtihani wa darasa la saba.

#44 Kisima cha Korogwe
Basi nikuulize, mbona wavulana waliochaguliwa vile vile hawajawahi kutuambia waliongoza jikoni?

#45 Kipanga wa Nyanda
Sisi wavulana tulikuwa na kazi moja ya kitaifa: mdahalo na shule ya wasichana. Mada imebandikwa "Elimu ni bora kuliko fedha", mtu amepiga pasi shati mara tatu, amepaka mafuta ya mgando mpaka masikioni, akifika anaambiwa na kiranja wa nidhamu wa kike akae safu ya nyuma kabisa. Basi linapoondoka anahesabu vichwa mara mbili. Niliogopa yule dada kuliko mkuu wa shule yangu.

#46 Tano Sio Tatu
Ulikuwa unapitisha barua kwenye kamusi wewe, nimeshakujua.

#47 Kipanga wa Nyanda
Kamusi ilirudishwa. Barua haikujibiwa.

#48 Kifungu kwa Kifungu
Turudi kidogo kwenye mada. @MamaWaPili, hiyo katiba ya wanafunzi unaweza kuiona? Angalia kifungu cha nani anaweza kumwondoa kiranja. Nilizowahi kuziona, wanafunzi wanaweza kumchagua lakini wa kumvua ni mkuu wa shule peke yake. Hapo ndipo ujue anamtumikia nani.

#49 MamaWaPili
Nimemwambia ailete. Anasema iko nakala moja, kwa dada mkuu, imefunikwa na karatasi ya gazeti na hairuhusiwi kutolewa kopi. Nimeshangaa.

#50 Mwalimu Mstaafu
Kutotoa kopi ni gharama ya rimu tu, msijenge hadithi.

#51 Sanduku la Bati
Mwalimu 😂😂 rimu haijawahi kukosa kwa barua za michango.

#52 Baba Wawili
Mimi nasimama na mume wa mleta mada. Nina mabinti wawili bweni. Mkubwa alikuwa kiranja wa taaluma, anakusanya madaftari ya watu usiku wakati wenzake wanajisomea, kidato cha nne alishuka hadi daraja la tatu. Hakuna mwajiri aliyemwuliza alikuwa kiranja wa nini. Mtoto asome.

#53 Karatasi ya Ruhusa
Baba, pole. Lakini mimi leo ni muuguzi, na ile kamba ya kiatu shingoni ndiyo iliyonileta huku. Waulize wote wawili wanaonaje, usimwulize mkubwa peke yake.

#54 Makande ya Jumatano
Jamani mimi nina swali la msingi ambalo hamjalijibu. @Upawa, baada ya ile "yamefika manane", muhula uliofuata ilikuwaje? Ulipita tena?

#55 Upawa
Muhula uliofuata tuliambiwa kiranja wa chakula atateuliwa na ofisi, hapigiwi kura tena. Wakamweka binti mpole sana, wa kidato cha pili, hajawahi kubishana na mtu. Tukajua yamekwisha. Nikamwita kwenye korido nikamwambia kama nilivyoambiwa. Alihesabu. Hakuandika kitu kwenye leja, aliogopa, ila alikuwa anakuja kutuhadithia bwenini idadi aliyoiona, na asubuhi shule nzima inajua. Mzabuni alibadilishwa mwaka uliofuata, kwa sababu hiyo au nyingine, sisi hatukuambiwa.

#56 Makande ya Jumatano
Na nyama? Sema ukweli wako hapa hakuna mwalimu wa zamu. Ulikuwa unajizamishia upawa?

#57 Upawa
Nyama sikuwahi. Ukoko ndiyo. Siku ya wali, Jumapili, nilikuwa nabaki nyuma na mpishi tunaukwangua kwa jembe dogo, sufuria lile mtu mzima anaingia. Ukoko wa moshi wa kuni, una mafuta pembeni, unakatwa vipande unafichwa kwenye kanga. Bweni langu zima lilikula.

#58 Kipanga wa Nyanda
Bweni lako zima! Na mabweni mengine je?

#59 Upawa
Wewe uko bweni gani?